Meza ya Magazeti: Kisa cha Maktaba Ndogo ya Ngamiani

Agosti 2015, kamati ya maktaba moja ndogo ya jamii huku Ngamiani, Tanga, ilikaa saa mbili na nusu ikaamua magazeti yapunguzwe kutoka matano hadi mawili. Wajumbe tulikuwa tisa. Mikono sita ilinyooshwa kukubali, na mmoja ulikuwa wangu. Jina la maktaba naliacha, na la kila aliyehusika pia, maana wengi wetu bado tunasalimiana njiani.

Muhtasari wa kikao kile ninao. Ajenda namba nne inasema "Kubana matumizi", na chini yake pana mistari mitano tu. Mistari hiyo haisemi kwamba ulikuwa mwaka wa uchaguzi. Haisemi fedha ya nani ilikuwa imeingia na ya nani haijaingia, wala haisemi kwamba mwenyekiti wetu alikuwa amechukua fomu ya kugombea udiwani. Anayeusoma leo ataona watu tisa wenye busara wakipunguza gharama. Nimeandika kisa hiki ili yaliyoachwa nje ya mistari ile mitano yarudi mahali pake.

Maktaba ni chumba kimoja kirefu katika nyumba ya zamani. Kando ya dirisha palikuwa na meza ya mninga inayokaliwa na watu kumi na wawili, na hiyo ndiyo iliyoitwa meza ya magazeti. Magazeti yalitoka Dar es Salaam kwa basi la alfajiri, yakatufikia mnamo saa tano. Kabla ya saa hiyo vibarua waliokosa kazi bandarini wameshakaa wanayangoja. Baada ya sala ya Alasiri waliingia wazee. Mmoja wao nuru ya macho ilikuwa imempungua, akawa anakuja na mjukuu wa kumsomea. Kijana akianza kusoma, meza nzima hunyamaza, na nakala moja husomwa na watu wanane kwa mara moja. Huo ni utamaduni wa mji huu wenyewe. Gazeti la Kiongozi lilianza kuchapwa hapa hapa Tanga mwaka 1904, katika shule ya serikali ya Wajerumani. Kwa hiyo mtu wa Tanga kusikiliza habari zikisomwa kwa Kiswahili ni jambo lililotimiza zaidi ya miaka mia moja.

Magazeti yetu matano yalikuwa haya: la serikali, la chama tawala, mawili ya kampuni binafsi, na moja la michezo lililotoka baadhi ya siku za wiki. Kwa pamoja yalitugharimu kama shilingi 110,000 kwa mwezi, yaani 1,320,000 kwa mwaka. Kwa ofisi kubwa hiyo ni posho ya safari moja. Kwetu ilikuwa karibu robo ya matumizi yote ukiondoa posho ya mkutubi na ya mlinzi.

Sasa tuingie kwenye mfuko, maana ndiko uamuzi ulikozaliwa.

Fedha zetu zilitoka sehemu tatu. Ya kwanza ni taasisi iliyokuwa mlezi wetu. Ilikuwa imetupitishia shilingi milioni sita kwa mwaka wa fedha ulioanza Julai, lakini wenye uzoefu wanajua kwamba fedha kupitishwa ni jambo moja na kushuka ni jambo jingine. Hadi Agosti hatukuwa tumepokea hata senti. Ya pili ni shule tatu za sekondari za jirani, ambazo wanafunzi wake walichangia shilingi 2,000 kwa mwaka ili waje kujisomea. Hiyo ilitupatia kama 800,000. Ya tatu haikuwa fedha taslimu. Wafadhili wa nje walitupa ahadi ya maboksi sitini ya vitabu, bure kabisa, mradi sisi tulipie kuyatoa Dar es Salaam hadi Tanga, rafu za kuyapokea, na kazi ya kuyaorodhesha. Tulipiga hesabu ikafika shilingi 900,000.

Hapa ndipo nilipojifunza jambo ambalo sikulijua nilipokuwa msomaji tu. Fedha ya maktaba haiji ikiwa tupu; huja na jina la msomaji wake limeandikwa juu yake. Mchango wa shule ulikuja na jina la mwanafunzi wa kidato cha nne, kwa hiyo ulinunua vitabu vya kiada na maswali ya mitihani iliyopita. Maboksi yalikuja na jina la msomaji wa Kiingereza. Fedha ya mlezi ilikuja na jina la yule atakayeonekana kwenye picha ya taarifa ya mwaka, na huyo kwa kawaida ni mtoto aliyeshika kitabu chenye jalada la rangi. Kibarua wa bandarini na mzee asiyeona vizuri hawakuandikwa popote. Hakuna aliyewachukia. Ni kwamba hakuna shilingi hata moja iliyofika ikiwataja.

Mtu asidhani jambo hili lilianza kwetu. Maktaba ya mkoa hapa Tanga ilijengwa miaka ya 1950 kwa kumbukumbu ya Mfalme George VI wa Uingereza, aliyefariki 1952. Jina lenyewe linakuambia nani aliamua na kwa nini. Baada ya Uhuru, sheria ya 1963 ikaunda bodi ya kusimamia maktaba za umma nchini, na tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere akafungua Maktaba Kuu ya Taifa Dar es Salaam. Huo ulikuwa mwaka wa Azimio la Arusha, na tarehe ile ilikuwa sikukuu ya Uhuru. Kufungua maktaba siku hiyo kulikuwa kuwaambia wananchi kwamba kusoma ni sehemu ya kujitawala. Hiyo ni siasa, na mimi naiona ni siasa njema. Kisha ikaja kampeni ya kisomo cha watu wazima, na kufikia 1986 takwimu za serikali zikawa zinasema watu wazima tisa kati ya kila kumi wanajua kusoma. Lakini katika miaka hiyo hiyo mafuta yalikuwa yamepanda bei, vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikuwa vimekula akiba, na mkonge, uti wa mgongo wa mkoa wetu, ulikuwa umeporomoka mbele ya nyuzi za viwandani. Fedha za kigeni za kununulia karatasi na vitabu zikakosekana. Siasa iliwafundisha watu kusoma, uchumi ukawanyima cha kusoma. Kizazi kilichosoma kisomo ndicho kilichokuwa kimekaa kwenye meza yetu ya magazeti mwaka 2015.

Turudi kikaoni.

Mkutubi wetu alikuwa binti aliyesomea ukutubi Bagamoyo, katika chuo kilichoanzishwa 1989 kwa ajili ya kazi hii hasa. Alikuja na daftari. Kwa wiki mbili, kila nusu saa, alikuwa akizunguka na kuandika gazeti gani lina mtu na gani limelala. Hakuna aliyemtuma. Matokeo yake yalikuwa wazi: la kwanza kwa kusomwa ni la michezo, likafuatwa kwa karibu na moja la kampuni binafsi. Msimu wa ligi ulikuwa unakaribia, na kwa mara moja Tanga ilikuwa na timu tatu Ligi Kuu: Coastal Union, African Sports na Mgambo JKT. Mtu yeyote aliyezaliwa mji huu angelitegemea jibu lile bila daftari.

"Hatukuanzisha maktaba ya mpira," mwenyekiti alisema.

"Mwenyekiti, kwa heshima," mkutubi akajibu, "wanaokuja kwa ajili ya mpira ndio wanaobaki kusoma mengine. Nimewaona."

Hoja yake haikuandikwa kwenye muhtasari. Nimeitafuta, haimo.

Mwenyekiti hakuwa mtu mbaya. Rafu zetu za kwanza alizitengeneza kwa fedha yake. Siku ile alitoa ahadi ambayo wengi tuliipokea kwa furaha: "Mimi nitayalipia yote matano mpaka Desemba. Mtanibandikia karatasi ndogo tu pale ukutani, watu wajue nani anawajali." Kampeni zilikuwa zinaanza mwezi ule ule, na kura ilikuwa tarehe 25 Oktoba. Mkutubi alikaa kimya kidogo, kisha akasema hilo hawezi kulibandika. Alitaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010 na makatazo yake kuhusu zawadi za kuwavuta wapiga kura. Akaongeza kwamba mgombea mmoja akilipia meza, mgombea wa pili atakuja kulipia viti, na wa tatu ataulizia taa. Mwenyekiti aliudhika, ila ahadi akaiondoa. Naamini mpaka leo kwamba binti yule alisema kweli, na sisi wakubwa wake tulipaswa kuyasema maneno yale kabla yake. Lakini ukweli ule ulikuwa na bei, na bei yenyewe ilikuwa magazeti matatu.

Ikabaki kuchagua mawili. Mjumbe mmoja alitaka la serikali na la chama, "tuwe salama, mlezi asituone vibaya." Mwingine alitaka yote mawili ya kampuni binafsi, akisema hayo mengine yanapatikana bure kwenye ofisi. Hofu ile ilikuwa na sababu yake. Septemba 2013 serikali ilikuwa imeyafungia magazeti mawili kwa kutumia Sheria ya Magazeti ya 1976, Mwananchi kwa siku 14 na Mtanzania kwa siku 90. Kilichofungiwa kilikuwa uchapaji. Lakini hapa kwetu mjumbe mmoja alimwambia mkutubi aondoe mezani hata matoleo ya zamani ya magazeti hayo, na yakakaa kabatini miezi mitatu. Hakuna barua iliyotutaka tufanye hivyo. Tulijifanyia wenyewe. Anayetaka kuelewa jinsi siasa inavyoingia maktaba asingoje amri itoke juu. Aangalie watu wanavyojipunguzia nafasi kabla amri haijaandikwa. Na Tanga Mjini mwaka 2015 palikuwa pa moto kweli. Ushindani ulikuwa mkali kiasi kwamba kiti cha ubunge kilikwenda CUF, chama cha upinzani. Gazeti lililolazwa juu ya meza lilisomwa kama bendera.

Tukachagua la serikali na moja la kampuni binafsi. Tuliuita uamuzi huo usawa, na ndipo nilipokosea. Usawa ule tuliupima kwa vyama, wakati daftari lililokuwa mbele yetu lilipima wasomaji. Tulijiuliza nani atakasirika. Swali la nani atakosa hatukuliuliza. Gazeti la michezo lilikuwa la bei ndogo kuliko yote, lilisomwa kuliko yote, na ndilo lililoondolewa kwa urahisi kuliko yote kwa kuwa halikuwa na mkubwa wa kulisemea. Vibarua hawana mwakilishi kwenye kamati ya maktaba. Wazee walikuwa naye mmoja, naye siku ile alikuwa mgonjwa.

Fedha iliyookolewa ilikwenda kwenye maboksi. Yalifika Novemba, na sherehe ndogo ikafanyika. Lazima niseme haki: ndani yake mlikuwa na vitabu vizuri. Vya watoto vyenye picha vilipendwa tangu siku ya kwanza, na vya uuguzi vilichukuliwa na wanafunzi wa afya mpaka vikachakaa. Lakini cha Kiswahili hapakuwa na hata kimoja, na isingewezekana kiwepo, kwa sababu vilitolewa na wachapishaji wa huko vilikotoka. Kitabu cha bure hakikuchaguliwa na anayekisoma. Gharama yake huanza pale unapoacha kununua kingine ili ukipokee. Katika chumba chenye rafu sita, boksi moja la vitabu visivyofunguliwa ni nafasi iliyokwisha kulipwa. Kwa nini basi tuliyapokea yote sitini, tusichague ishirini? Kwa sababu maboksi sitini yanazinduliwa. Yanapigwa picha, yanaandikwa kwenye taarifa, mlezi anafurahi. Gazeti la jana halizinduliwi.

Januari 2016 mambo yakageuka tena, safari hii kwa uamuzi mkubwa zaidi yetu. Waraka wa Elimu namba 5 wa 2015 ulianza kutekelezwa, elimu ya msingi mpaka kidato cha nne ikawa bila ada, na michango ya lazima mashuleni ikasimamishwa. Ada ya sekondari ya kutwa ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka. Nimeona watoto wa jirani yangu wawili wakirudi darasani kwa sababu ya waraka ule, kwa hiyo mtu asinisome kama ninayeulalamikia. Nasema tu ulichotufanyia. Zile 800,000 za shule tatu zilikoma mara moja, huku wanafunzi wanaotaka pa kujisomea wakiongezeka. Aliyeuandika waraka alikuwa anafikiria mamilioni ya watoto, na alikuwa sahihi kufikiria hivyo. Sehemu ndogo ndogo kama yetu, zilizokuwa zinapumua kwa michango ile, hazikuwamo kwenye hesabu.

Tulifikiri kuwatoza wasomaji ada mlangoni. Mkutubi alikataa, akatukumbusha Ilani ya UNESCO kuhusu maktaba za umma ya mwaka 1994, ambayo msimamo wake ni kwamba huduma ya maktaba ya umma iwe bure. Ni rahisi kusema bure ukiwa na bajeti. Lakini tulikuwa tumeshajionea ada inachofanya hata isipoitwa ada: kila chanzo cha fedha kilikuwa kimemchuja msomaji fulani. Ada ya mlangoni ingemaliza kazi hiyo.

Kilichotokea mezani sikukitarajia, ingawa nilipaswa kukitarajia. Vibarua hawakugomba. Walihamia kwenye kibanda cha kinyozi ng'ambo ya barabara, ambako gazeti la michezo lilikuwepo. Wazee walivumilia hadi Desemba, kisha wakaanza kupungua. Yule kijana wa kumsomea babu yake akawa na wasikilizaji wawili au watatu. Rejista ya wageni ilishuka mwezi baada ya mwezi, na Machi mlezi alipokuja kukagua aliuliza swali la haki kabisa: kwa nini niwaongezee fedha wakati watu wanapungua? Hivyo uamuzi wa kubana shilingi zisizofika laki moja kwa mwezi ukawa ushahidi wa kututaka tubane zaidi. Mwenye kusoma takwimu za maktaba bila kujua meza iliondolewa nini atadhani watu wa Ngamiani hawapendi kusoma.

Mei 2016 Coastal Union, African Sports na Mgambo JKT zilishuka daraja zote tatu kwa mpigo. Mji mzima ulikuwa na huzuni, na kila mtu alitaka kusoma ilikuwaje. Nilipita maktaba jioni ile. Meza ilikuwa na mtu mmoja, mwanafunzi, ameweka daftari la hesabu juu yake. Kwa kinyozi walikuwa wamesimama mpaka barabarani.

Nilimfuata yule mzee nyumbani kwake wiki ile ile. Nilimsalimu, nikamweleza yote, pamoja na mkono wangu.

"Mwanangu," akaniambia, "mlikuwa na shida ya fedha. Mbona hamkutuambia? Mlikaa mkaamua juu yetu kama tumekufa."

Mwezi Juni wazee kumi na wanne na vibarua wachache wakaanza kuchanga shilingi 500 kila mmoja kwa wiki. Ilitosha kurudisha gazeti la michezo na la pili la kampuni binafsi. Mkutubi alikubali kwa masharti mawili: jina la mchangaji lisibandikwe popote, na gazeti likishawekwa mezani ni la kila anayeingia, amechanga au hakuchanga. Sharti la pili lilibishaniwa sana. Mchangaji mmoja alijitoa kwa sababu hiyo, na siwezi kusema hakuwa na hoja, kwani pato lake lilikuwa la kuokoteza. Hata njia hii ilikuja na jina la msomaji wake. Tofauti ni kwamba mara hii msomaji alijiandika mwenyewe.

Kwa bajeti iliyofuata niliomba nikae na mkutubi kuiandaa. Tulitenga kifungu peke yake, "Magazeti", badala ya kuyachanganya na "Matumizi mengineyo", kwa kuwa kilicho ndani ya mengineyo hufyekwa bila kutajwa. Tuliambatisha daftari lake la wiki mbili na jingine jipya la Juni. Tuliandika 700,000. Mlezi alipitisha 400,000, zikashuka Oktoba, na pengo liliendelea kujazwa na mia tano tano za wazee. Kwenye kamati tuliongeza viti viwili, kimoja cha wazee wa meza na kimoja cha vibarua. Kibarua wa kwanza aliyechaguliwa alihudhuria kikao kimoja tu, kwa sababu tulikipanga saa nne asubuhi, saa ambayo meli ikiwapo yeye yuko bandarini. Tukasogeza vikao baada ya Alasiri.